Pima stadi za taarifa za mwaka wa kwanza bila kudanganywa na dodoso: mwongozo kamili

Kila mwaka msimu wa korosho ukianza, huletewa dodoso lilelile nilikague. Safari hii mletaji ni mkutubi, safari ijayo ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayehangaika na tasnifu, lakini swali la kwanza halibadiliki: "Je, una uwezo kiasi gani wa kutafuta taarifa?" Chini yake kuna visanduku vitano, kuanzia "mdogo sana" hadi "mkubwa sana".

Wanafunzi mia mbili hutia tiki kwenye "mkubwa". Ripoti huandikwa kwamba hali ni nzuri. Wiki mbili baadaye mhadhiri anakusanya kazi za darasa na mwishoni mwa ukurasa, penye marejeleo, anakuta neno moja tu: Google.

Dodoso hilo limepima kujiamini, na kujiamini mwaka wa kwanza wanako tele. Ukitaka kupima stadi, mpe mwanafunzi kazi, mwangalie akiifanya, kisha sahihisha alichokifanya. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa hali ya chuo cha Mtwara: kompyuta za kugombania, bando la kuungaunga, na umeme unaoweza kuaga katikati ya mtihani.

## Andaa hivi kwanza

Hesabu hizi ni za wanafunzi 200.

- Orodha ya usajili ya mwaka wa kwanza, programu zote, kutoka ofisi ya udahili.
- Barua ya kibali ya chuo na fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja.
- Rimu mbili za karatasi. Kila mwanafunzi anakula karatasi nne, jumla 800. Zinazobaki ni za majaribio na za kuharibika.
- Chumba cha kukalisha watu 100 kwa nafasi, utumie mikupuo miwili.
- Kompyuta moja nzima, na simu yenye bando lako mwenyewe pembeni.
- Wasahihishaji wawili. Wewe unaweza kuwa mmoja wao.
- Programu ya majedwali. Excel au LibreOffice inatosha, huhitaji kununua kitu.
- Wiki sita. Anayekuambia wiki mbili hajawahi kusahihisha.

## Hatua ya 1: Amua matokeo yatabadilisha nini

Andika sentensi moja kabla ya swali lolote: "Matokeo haya yatamsaidia fulani kuamua jambo fulani." Kwa mfano, yatamsaidia mhadhiri wa stadi za mawasiliano kuamua saa zake sita za maktaba azitumie kufundisha nini.

Sababu ni kwamba stadi za taarifa ni uwanja mpana. Bila sentensi hiyo utajikuta unauliza kuhusu kasi ya kuchapa, umiliki wa simu na mara ngapi mtu huingia maktaba, mambo ambayo hayakuambii kama anaweza kutofautisha makala ya utafiti na tangazo la biashara.

Mimi hupima mambo matano: kujua unahitaji taarifa ipi, kuitafuta, kuichuja, kuitumia kwa maneno yako, na kutaja ulikoitoa. Ukishindwa kuonyesha swali lako linapima lipi kati ya hayo, lifute.

## Hatua ya 2: Kibali na ridhaa

Hapa usichukue njia ya mkato. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na alama za mwanafunzi ni taarifa zake binafsi. Tumia namba badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na majina uifungie kwingine.

Waambie waziwazi kwamba alama haziingii kwenye matokeo ya muhula. Usipowaambia, utapima uwezo wa kupiga chabo.

## Hatua ya 3: Chagua kwa orodha, si kwa mlango wa maktaba

Kosa la pili kwa ukubwa ni kusimama mlangoni mwa maktaba na kugawa karatasi kwa wanaoingia. Hao tayari wanaijua njia. Unaowatafuta wako mtaani Chikongola wamelala, au bado wako Newala wakisubiri malipo ya mnada wa korosho ili wapate ada.

Tumia orodha ya usajili. Fomula ya Yamane, ambayo wasimamizi wengi wa tasnifu wanaifahamu, inakwenda hivi: gawanya idadi ya wote kwa moja jumlisha idadi ya wote mara mraba wa kosa unalolikubali. Mwaka wa kwanza wakiwa 400 na kosa likiwa 0.05, ni 400 kugawanya kwa 2, sawa na 200. Kwa hiyo unachukua kila jina la pili. Rusha shilingi kuamua uanze na jina la kwanza au la pili.

Orodha ipange kwa programu kabla ya kuhesabu, ili ualimu wasiwameze wengine wote.

Kuhusu wakati: vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, na korosho nazo ziko sokoni miezi hiyohiyo. Ukipima wiki ya kwanza utawakosa watoto wa wakulima wa Tandahimba na Liwale, ambao wengi hufika kwa kuchelewa. Ukipima wiki ya nane, watakuwa wameshafundishwa. Wiki ya nne ndiyo yangu. Kama maktaba ilishatoa mafunzo, uliza kila mmoja kama alihudhuria na uliandike jibu.

Umefaulu hatua hii ikiwa angalau wanane kati ya kila kumi uliowachagua wamefika. Waliokosa wafuate mara moja zaidi kupitia viongozi wa madarasa, kisha andika kwenye ripoti wangapi hawakupatikana.

## Hatua ya 4: Tengeneza kipimo chenye sehemu tatu

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe.

### Sehemu A: kujipima, maswali matano

Ndiyo, lile swali la "una uwezo kiasi gani" ninalitumia. Nalitumia mwanzoni, kwa ufupi, swali moja kwa kila stadi, kwa sababu baadaye nitalilinganisha na alama halisi. Likiwa peke yake halina maana.

### Sehemu B: maswali ishirini ya kuchagua

Manne kwa kila stadi. Kila swali liwe na majibu manne pamoja na kisanduku cha tano: "Sijui". Bila kisanduku hicho, anayebahatisha majibu manne hupata robo ya alama bila kujua chochote.

Tumia mambo wanayoyaona. Hili limenifaa sana: "Unaandika kuhusu Mkoa wa Mtwara. Chanzo kimoja kinasema una watu 1,270,854, kingine kinasema 1,634,947. Utafanya nini?" Majibu ni kuchukua kubwa, kuchukua ndogo, kutafuta wastani, au kuangalia kila namba ni ya mwaka gani. Namba ya kwanza ni ya sensa ya 2012, ya pili ni ya 2022. Zote ni sahihi. Utashangaa wangapi wanatafuta wastani.

Jingine ni la maneno ya kutafutia. Ugonjwa wa mikorosho unaoitwa ubwiri unga una majina matatu: hilo la Kiswahili, la Kiingereza, *powdery mildew*, na la kisayansi la kuvu anayeusababisha, *Oidium anacardii*. Uliza ni jina lipi litampeleka kwenye makala za utafiti za nchi mbalimbali, na lipi litampeleka kwenye vipeperushi vya maofisa ugani. Anayejibu vizuri ameelewa kwamba neno unaloliandika ndilo linaloamua mlango utakaofunguliwa.

Jihadhari na swali unalodhani lina jibu moja. Niliwahi kuuliza mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, ilipelekwa mji gani, na jibu langu lilikuwa Berlin. Mwanafunzi mmoja akaandika pembeni kwa penseli kwamba Waingereza nao walichimba palepale miaka ya 1920 na mifupa mingine iko London. Alikuwa sahihi. Swali lilikuwa bovu, na isitoshe lilipima kumbukumbu, halikupima stadi.

### Sehemu C: kazi tatu za vitendo

Kazi ya kwanza: mpe ukurasa uliochapwa wenye matokeo kumi ya utafutaji, yakiwamo duka la viuatilifu, blogu, makala ya jarida, ripoti ya taasisi na habari ya gazeti. Achague mawili ya kutumia kwenye insha na aandike sababu kwa sentensi mbili.

Kazi ya pili: mpe ujumbe wa WhatsApp unaodai korosho daraja la kwanza itanunuliwa kwa bei fulani nono msimu huu, "sambaza kwa wakulima wote". Aandike hatua atakazochukua kuuhakiki. Jibu zuri linaondoka kwenye ujumbe wenyewe: linakwenda Bodi ya Korosho Tanzania, ambayo makao yake yako hapahapa Mtwara, au chama kikuu cha ushirika, au matokeo ya mnada, kwa kuwa chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani korosho huwekwa ghalani na bei hutoka mnadani. Jibu dhaifu linabaki kukodolea ujumbe: "umeandikwa vizuri", "una nembo". Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwaangalia wahakiki wa habari wakifanya kazi, wakaona kwamba hawa huuacha ukurasa upesi na kwenda kuuliza kwingine nani yuko nyuma yake. Hilo ndilo unalolitafuta.

Gonga muhuri "MFANO WA MTIHANI" juu ya ujumbe huo, kwa herufi kubwa. Mwaka wa kwanza kuutumia tulisahau. Jioni yake ukanirudia kwenye simu, umetumwa na shemeji yangu wa Tandahimba akiniuliza kama nimesikia bei mpya.

Kazi ya tatu: mpe marejeleo matatu. Mawili ni ya kweli, moja umeliomba kwa ChatGPT na umehakikisha halipo: lina mwandishi, mwaka, jarida na kurasa, lina kila kitu isipokuwa kuwapo duniani. Aandike angefanya nini kujua lipi ni la uongo. Kazi hii haikuhitajika miaka michache iliyopita. Sasa ndiyo ninayoanza kuisoma, kwa sababu akili mnemba imeingia mabwenini kabla ya katalogi ya maktaba.

### Lugha ya kipimo

Wanafunzi wetu wengi walisoma msingi kwa Kiswahili, wakahamia Kiingereza sekondari. Ukiweka kila kitu kwa Kiingereza, aliyekwama kwenye sentensi utamhesabu kama asiyejua kutafuta. Maelekezo na maswali yawe kwa Kiswahili. Matokeo ya utafutaji na marejeleo yaache kwa Kiingereza kama yalivyo, maana ndivyo atakavyokutana nayo. Sehemu C aruhusiwe kujibu kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili, au achanganye. Kuna wasimamizi wasiopenda hili. Waulize wanataka kupima nini.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa watu 30

Chukua wanafunzi 30 ambao hawako kwenye sampuli. Wape kipimo, kisha hesabu mambo mawili kwa kila swali la Sehemu B.

La kwanza ni ugumu: waliopata, gawanya kwa wote. Wakipata 27 kati ya 30 ni 0.90, jepesi mno. Wakipata 6 ni 0.20, chini hata ya kubahatisha. Bakiza yaliyo kati ya 0.30 na 0.80.

La pili ni kama swali linawatenganisha wanaojua na wasiojua. Panga karatasi kwa jumla ya alama, chukua 8 za juu na 8 za chini. Kama 7 wa juu wamepata na 3 wa chini wamepata, ni 7 toa 3, gawanya kwa 8, sawa na 0.50, safi. Chini ya 0.20 lirekebishe. Likitoka hasi, yaani wa chini wanapata kuliko wa juu, kagua jibu lako kwanza kabla ya kuwalaumu. Mara nyingi aliyekosea ni mtunzi.

Kwa watu 30 namba hizi ni tochi tu, si mizani. Muhimu zaidi ni kukaa na watano kati yao baada ya mtihani na kuwauliza: "Swali hili ulilielewaje?" Mmoja aliniambia neno "ikisiri", yaani muhtasari wa makala, alidhani ni jina la mwandishi.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Gawa Sehemu A, dakika tano, kisha ikusanye kabla ya kugawa B. Ukiziacha zote mezani, atakayegongwa na B atarudi kimyakimya kupunguza sifa alizojipa kwenye A, na ulinganisho wako umekwisha.

B dakika 25, C dakika 40. Simu zizimwe na kuwekwa mbele. Kila kitu kiko kwenye karatasi makusudi: umeme ukikatika, fungua madirisha muendelee.

Mikupuo miwili ifuatane bila mapumziko. Ukiweka chakula cha mchana katikati, mkupuo wa pili utaingia na majibu.

## Hatua ya 7: Kaa pembeni ya kumi na wawili

Karatasi inaonyesha jibu, haionyeshi njia. Chagua 12 kutoka kwenye sampuli: wanne wa alama za juu za Sehemu B, wanne wa kati, wanne wa chini. Mmojammoja, dakika 15, kompyuta moja. Mpe swali la insha, kaa nyuma kidogo ya bega lake, andika kila anachobonyeza. Usimsaidie. Ni vigumu kuliko unavyodhani.

Kijana mmoja kutoka Liwale nilimpa swali kuhusu athari za ubwiri unga kwa wakulima wadogo. Akalichapa lote kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa kidole kimoja, mpaka lile "(alama 10)" la mwisho. Akafungua tokeo la kwanza, ukurasa wa kampuni inayouza salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Akanakili aya ya juu. "Nimepata, mwalimu."

Nikamuuliza nani ameandika. Akapandisha ukurasa, akaushusha, akaupandisha tena.

"Google, mwalimu."

Sehemu B alikuwa amepata 14 kati ya 20. Kama ningeishia kwenye maswali ya kuchagua, ningemweka kundi la wanaojiweza.

Baada ya watu kama saba hivi utaanza kuona mambo yanayojirudia: hakuna anayebadilisha neno la kutafutia, hakuna anayefungua tokeo la tano. Hapo ujue hatua hii inazaa.

## Hatua ya 8: Sahihisheni wawili

Sehemu C ina alama 0 hadi 3 kwa kila kazi. Andika mwongozo wa usahihishaji kabla ya kuona karatasi. Kwa ujumbe wa WhatsApp:

- 0: hakujibu, au "nitaamini".
- 1: anauangalia ujumbe wenyewe tu, mwandiko, nembo, tarehe.
- 2: anasema ataulizia kwingine lakini hataji wapi, kama "nitaangalia mtandaoni".
- 3: anataja chanzo maalumu chenye mamlaka na anachotarajia kukikuta.

Kila mmoja asahihishe karatasi 40 zilezile bila kuonana, kisha mlinganishe. Mkipatana kwenye 32 ni asilimia 80, endeleeni na zilizobaki. Chini ya hapo kaeni chini, someni mlizotofautiana, rekebisheni maelezo ya alama, anzeni na 40 nyingine. Ugomvi huwa kati ya 1 na 2. Msiumalize kwa kuangalia nani ana cheo.

## Hatua ya 9: Yasome matokeo kwa stadi, si kwa jumla

Wastani wa asilimia 52 haumsaidii mtu. Tuseme kutafuta ni 61, kuchuja ni 38 na kutaja chanzo ni 29: sasa mhadhiri anajua saa zake sita zinakwenda wapi.

Kisha leta Sehemu A. Kwa kila stadi weka pamoja alichojipa na alichopata. Wanasaikolojia Kruger na Dunning walionyesha mwaka 1999 kwamba wenye alama za chini ndio waliojikadiria juu zaidi ya uwezo wao kwa tofauti kubwa. Angalia kama na kwako iko hivyo. Ikiwa ndivyo, tangazo la "wenye shida waje maktaba" halitaleta mtu, na mafunzo yapaswa kuingia ndani ya ratiba ya darasa.

Usipange wanafunzi kwa shule walizotoka na kuichapisha orodha. Na usiandike kwamba fulani "husababisha" stadi duni kwa kuwa tu wasio na kompyuta wamepata kidogo. Umepima siku moja, umeona vitu viwili vikitembea pamoja, basi.

## Hatua ya 10: Rudisha, kisha pima tena

Ndani ya wiki mbili kila mwanafunzi apate karatasi ndogo yenye alama zake tano na sentensi moja ya nini afanye. Wahadhiri wapate ukurasa mmoja. Ripoti ndefu iende kwa aliyekupa kibali.

Mwisho wa muhula wapime walewale kwa maswali pacha. Penye ubwiri unga weka mnyauko wa mikorosho, penye Mtwara weka Lindi, iliyokuwa na watu 864,652 mwaka 2012 na 1,194,028 mwaka 2022. Ugumu ubaki uleule, nayo maswali pacha yapitie Hatua ya 5 kama ndugu zao.

Hesabu karatasi zinazotoka na zinazorudi, hata za majaribio, na ufunguo wa majibu usiukabidhi kwa mtu wa fotokopi. Sisi tulikuja kuikuta Sehemu B yetu nzima kwenye steshenari moja ya jirani na chuo, imebanwa pini pamoja na madesa mengine, shilingi mia tano, majibu ndani. Nilinunua nakala nikaisahihisha. Walioijibu walipata 13 kati ya 20.